Tela Lililozidi Kimo

Ofisi ya usafiri wa barabara imetamka, na raia wote wametakiwa kuzingatia, kwamba mtu aliyeondolewa katika udereva kwa sababu ya macho hatakalia tena pikipiki barabarani. Pikipiki yake, kuanzia siku hiyo, haihesabiwi kuwa chombo cha usafiri. Ni mzigo, nao utasafirishwa kama ipasavyo mzigo: ndani ya tela lililofungwa, ukiwa umekazwa mikanda, bila mtu juu yake.

Aliyemsomea mzee Telegramu tamko hilo alikuwa binti yake mwenyewe, mtumishi wa ofisi iliyolitoa. Alilisoma mezani, vyombo vikiwa vimeshaondolewa, kwa sauti ileile anayowasomea watu wa foleni dirishani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna chai iliyobaki.

Telegramu ni jina alilopewa na kazi. Alikuwa tarishi wa posta, akapeleka barua na vifurushi kwa pikipiki tangu ujana hadi kustaafu, na siku ya kumuaga wakampa pikipiki ileile, labda kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeweza kuiwasha. Jina lake la kuzaliwa lilisahaulika. Marehemu mkewe alilitumia akiwa amekasirika tu.

Macho yake yalififia taratibu, bila maumivu na bila adabu ya kubisha hodi. Kwanza zilipotea namba za milango, halafu milango. Pikipiki ikahamia kibanda cha nyuma ya jiko. Kila asubuhi aliitoa juani, akaifuta, akaiwasha, akasimama kando akiisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtu asiyeumwa kabisa. Alasiri aliikalia humohumo kibandani, miguu chini, mikono kwenye usukani. Pikipiki nyingine ikipita barabarani, aliinua kidole.

"Huyu kaingiza gia ya tatu mapema."

Kisha aliifuata ile sauti kwa kichwa, ikishuka, ikipungua, mpaka ikapotelea kwenye mteremko wa kinu cha unga. Yeye alibaki ameelekeza uso kulekule, kama mtu aliyeachwa na basi lililobeba begi lake.

"Nini hasa unachokikosa, baba?" binti alimuuliza siku moja. "Mwendo?"

"Mwendo hata tumbo la kuhara linao, mwanangu. Ni pale kwenye mteremko. Unaachia mafuta, injini inanyamaza, upepo unakuingia kwenye mikono ya koti mpaka kwapani. Basi. Hicho tu."

"Si uwashe feni."

"Feni inakupulizia tu. Haikupokei."

Mambo yangeendelea hivyo kama binti asingehamishiwa mji mwingine. Kumwacha mzee peke yake hakukuwezekana; kumchukua pamoja na pikipiki, alisema, kulikuwa wazimu. Akapendekeza iuzwe. Mzee akasema sawa, auzwe na yeye, watu wawapate wote wawili kwa mkupuo. Walinuniana kwa muda wa heshima, wakakubaliana: pikipiki itakwenda, ila kwa kufuata tamko, ndani ya tela lililofungwa, tena dogo kuliko yote, kwa sababu gari la binti ni gari, si lori.

Wakaenda kwa fundi wa kuchomelea anayeitwa Cheche. Uwanjani kwake palikuwa na tela dogo lililokamilika. Pikipiki ikasukumwa ndani.

"Imeingia," binti alisema, akishika mkoba tayari kuondoka.

"Imeingia, dada, sikatai," Cheche alisema. "Sasa mikanda anaifunga nani?"

"Mtu."

"Anapita wapi?"

Usukani ulikuwa umegusa ukuta huku na huku.

"Saizi hii nilimuuzia mteja mmoja," Cheche aliendelea. "Akatangulia ndani ili afunge mikanda ya mbele, wenzake wakasukuma pikipiki nyuma yake. Tukamsikia anapiga kelele, tukajua kafurahi."

La pili lililokuwepo lilitosha ng'ombe na wakwe zake. Cheche mwenyewe hakulipendekeza. Pikipiki ndani ya nafasi ile ingehitaji kamba kama za kuanikia nguo, na kila kona ingeyumba. Basi atatengeneza la tatu kwa kipimo. Urefu uzidi magurudumu, ili mikanda ivute kwa mshazari mbele na nyuma. Upana uzidi vioo kwa kiasi cha mtu kupita kiubavu.

"Mtu gani?" binti aliuliza.

"Asiye mimi," alisema Cheche, akishika tumbo lake.

Kupima nako kuna taratibu zake. Pikipiki ikiegemea stendi hulala upande, na kipimo cha pikipiki iliyolala ni uongo. Lazima isimame wima, na wa kuisimamisha wima ni mtu.

"Mzee, hebu ikalie uinyooshe."

Telegramu alivaa kofia yake ngumu, kwa mazoea, akakaa. Mgongo ukanyooka. Kidevu kikapanda. Cheche akazunguka na tepu: gurudumu hadi gurudumu, kioo hadi kioo, ardhini hadi juu kabisa. Akaandika kwa chaki ukutani. Binti alikuwa pembeni akiongea na simu, akimweleza mtu utaratibu.

Waliporudi kulichukua, tela lilisimama uwanjani mfano wa kioski kilichokosa mwenye duka.

"Fundi, mimi niliagiza tela. Hii nyumba ya nani?"

Cheche aliitazama chaki yake. Akamtazama mzee, ambaye kofia ilikuwa kwapani. Akaitazama tena chaki.

"Nilipima kilichokuwepo, dada."

Alikuwa amepima mpaka utosini mwa kofia.

"Likate."

"Linakatika. Natoa paa, napunguza kuta, narudisha paa." Akaokota msumeno wa umeme.

"Usikate," alisema Telegramu.

Alikuwa ameshaingia ndani. Walimwona akipapasa ukuta, akinyoosha mkono kutafuta paa, akilikuta. Kisha akasogea ukuta wa mbele, akainama kidogo kama aliyeketi, akabandika kiganja usawa wa uso wake.

"Fundi, hapa nitobolee dirisha."

"La kioo?"

"Kioo cha nini?"

"Mzigo unahitaji dirisha?" binti aliuliza.

"Chuma kikikosa hewa kinashika kutu," alisema Cheche, ambaye katika maisha yake yote ya kuuza matela hakuwahi kusumbuliwa na jambo hilo.

Binti alikitazama kile kiganja. Kilikuwa juu kuliko paa la gari lake. Akatazama gari, akatazama kiganja tena, na kwa muda mrefu akawa kama anayetafuta kifungu cha sheria.

"Kingo zake uzipige msasa," alisema hatimaye. "Zisije zikakwaruza mzigo."

Cheche akapiga msasa. Akaongeza na komeo upande wa ndani wa mlango, hakuambiwa na mtu, wala hakulitaja.

Asubuhi ya safari alikuja mwenyewe kuunganisha tela. Pikipiki ikapandishwa, mikanda ikakazwa mpaka springi zikazama, ikawa haitikisiki hata ukiipiga teke. Telegramu akatoka nyumbani amevaa koti la posta, limefungwa vifungo vyote, na kofia ngumu mkononi.

Binti alimwangalia kuanzia kofia hadi viatu.

"Baba, kazi yangu unaijua."

"Naijua, mwanangu."

"Basi mimi naingia ndani kuangalia kama madirisha yamefungwa."

Madirisha aliyafunga mwenyewe tangu alfajiri. Hata hivyo alikaa ndani kiasi cha mtu kuyafunga upya. Alipotoka, uwanjani alikuwapo Cheche peke yake, akitazama mawingu kwa makini, na mlango wa tela ulikuwa umefungwa.

"Mzigo umekaa vizuri?"

"Umekaa, dada."

Kuna barabara mpya ya kwenda mji ule, tambarare, fupi. Ya zamani, ya kupitia mteremko wa kinu, binti huiita siku zote barabara ya wasio na kazi. Aliingia hiyo ya zamani, akaenda taratibu mpaka juu ya mteremko, akaondoa mguu kwenye mafuta. Kwenye kiti cha abiria pembeni yake kulikuwa na kikapu cha chakula, amekifunga mkanda.