Kisanduku cha Tarehe

Mulumba alikuwa mtu wa Pweto, upande wa pili wa ziwa, na mwaka ule wa tisini na tisa alikuwa ametimiza miezi kumi Nchelenge, Zambia, bila kujua kumjulia mtu hali kwa Kibemba. Si kwamba alikosa akili. Akili alikuwa nazo, tena za kuwagawia wengine. Alikataa tu. Alijiambia kwamba ukijifunza lugha ya mahali umeshahamia, na yeye hakuhamia, alikuwa anangoja. Wahenga wamesema ukifika mji wa wenye chongo, nawe fumba jicho moja. Mulumba aliyakodoa yote mawili.

Alichokuwa anangoja kila mtu ofisini alikijua: mkewe Clémentine na binti yao Marlène, mtoto wa miaka minne. Vita viliposhuka kutoka kaskazini vilimkuta yeye Kashikishi, kwenye soko la Nchelenge, alikokuja kwa siku tatu kutafuta sabuni na chumvi. Njia ikafungwa nyuma yake. Wengine Pweto walisema ameshindwa kurudi, wengine wakasema hakutaka, na maneno ya aina ya pili ndiyo hutembea haraka. Clémentine alimtumia swali moja kwa kinywa cha mchuuzi wa samaki: "Unatutupa?" Mulumba akaandika jibu, akalinakili mara nyingi, akampa kila aliyevuka. Lilisema: siku utakayofika Zambia, popote pale, tafuta redio ya shirika, taja jina langu. Nitakuja siku ile ile.

Shirika lenyewe lilikuwa la kupokea wakimbizi, na lilimwajiri kwa sababu zamani aliwahi kuwa karani Likasi na alijua kompyuta. Nchelenge walikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya, na asubuhi na alasiri moja yao ilipiga simu ofisi kuu ya Mansa ili barua na kalenda za huku na kule zilingane. Ndani yake kulikuwa na folda za pamoja: moja ya watu wanaofika, nyingine ya kalenda ya gari. Lakini kila mtu aliandika alivyotaka. Huyu ataanza na jina, yule na idadi ya mafurushi, na mwingine aliwahi kuweka kwenye kalenda ya gari dua ya kuomba mvua.

"Ba Mulumba," alisema Bi Agness, mkuu wa ofisi, mama mpole ila mwenye macho ya mwalimu wa hesabu, "mutupangie hii kitu, mukwai. Mansa banatucheka."

Mulumba akaipanga, na nisimnyime sifa yake. Alifungua fomu tupu ya barua, akavuta visanduku kimoja kimoja na kuvipanga: jina, alikotoka, idadi ya watu wa nyumba, gati aliloshukia, tarehe ya kufika. Kwenye fomu ya gari akaweka nani anakwenda, wapi, siku gani, na anakwenda na nani. Alipomaliza akaiweka fomu ndani ya folda, hata kila aliyeifungua, Nchelenge au Mansa, akakutana na visanduku vile vile kwa mpangilio ule ule. Siku hiyo alitembea ofisini kama bwana harusi.

Mtu wa kwanza kumharibia furaha alikuwa Katongo, fundi wa redio. Katongo alipokea habari kutoka vituo vya ziwani, na kwenye kisanduku cha tarehe aliandika neno moja la Kibemba: mailo. Sasa, mailo ni jana. Mailo pia ni kesho. Mwenyeji hapati taabu, kwa kuwa kitenzi kilicho jirani humwambia kama jambo limepita au linakuja.

"Katongo, hii njo date?" Mulumba aliuliza. "Mailo haiko date."

"Ba Mulumba, kila mutu hapa anajua."

"Miye sijui."

"Basi uliza! Kuuliza hakuna facture ya kulipa." Na Katongo akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka.

Mulumba hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kujifunza. Alirudi kwenye fomu yake akakifunga kisanduku kile kisipokee neno, kipokee tarehe tu, na pasipo tarehe fomu igome kuhifadhiwa. Akaondoa na sehemu ya maelezo chini, kwa sababu Katongo angeihamishia mailo yake huko. Bi Agness alipoona akauliza, "Na mutu asipokuwa na hakika?" Mulumba akajibu kwamba atalazimika kuwa nayo. Alisema hivyo bila kuinua macho, na mimi nikimkumbuka wakati huo natamani kumpiga kofi.

Lakini nimhurumie pia. Alikuwa mpweke, na upweke wake haukuwa na mlango. Jioni alisonga ugali wa muhogo wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja haujui kuiva vizuri. Kanisani alikaa benchi la nyuma, akichezesha midomo watu wakiimba. Mwenye nyumba alikoma kumsalimia baada ya miezi mitatu ya kujibiwa kwa kichwa. Kwenye fomu ya gari, kile kisanduku cha anakwenda na nani hakikukubali kuachwa wazi, alikiamuru yeye mwenyewe, kwa hiyo kila alipotumwa safari alilazimika kuandika: peke yangu. Mtu angefungua kalenda ya mwaka ule angeyakuta maneno hayo mara ishirini na tatu.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa Bi Agness alikuwa Mansa kwenye mkutano na Katongo alikuwa msibani Mwansabombwe. Redio akaachiwa Mulumba. Saa mbili na nusu asubuhi kituo cha Puta, ufukwe wa kaskazini upande wa Zambia, kiliita. Mwenye kituo, Zacharia, alizoea kusema Kibemba redioni, Kiswahili chake kilikuwa cha kupatania samaki, na betri yake ilikuwa inakata roho. Maneno yalifika vipande vipande, mengine yakizama katika mlio.

"...Puta... Clémentine na umwana... mailo..."

Mulumba alisimama hata kiti kikaanguka. "Bien reçu!" alipiga kelele. "Bien reçu, nimesikia! Miye Mulumba, nimesikia!" Akaita tena, na tena. Betri ya Puta ilikuwa imekufa.

Akaketi mbele ya kompyuta, akafungua fomu ya wanaofika. Jina, akaandika. Alikotoka, akaandika. Watu wa nyumba, wawili. Gati, Puta. Kisha kile kisanduku. Fomu ikamngoja. Kitenzi hakukisikia, na hata angekisikia asingekielewa. Palikuwa na mlinzi langoni, Mbemba kindakindaki, wa kumuuliza kama huwa watu wanatuma habari kabla ya mtumbwi au baada yake. Palikuwa na gari uani, tangi limejaa, na dereva Kabaso akilifuta vumbi kwa kukosa kazi. Angeweza kuondoka dakika ile bila kuandika chochote.

Lakini moyo uliongoja miezi kumi umezoea kesho. Furaha yake yote ilikuwa ya kesho. Wangefikaje jana, naye jana akala, akalala, asihisi chochote? Haikumwingia akilini. Akabonyeza Jumanne. Fomu ikapokea bila ubishi, ikajihifadhi, na alasiri Mansa wakaiona na kuiamini, maana kitu kilichopangwa vizuri hakuna anayekishuku.

Akafungua na kalenda ya gari. Jumanne, Puta. Anakwenda na nani: kwenda, Kabaso, kurudi, Clémentine na Marlène. Aliyasoma maneno hayo, akainuka akaenda kunawa uso.

Jumatatu ile, nasema bila kuficha, ilikuwa siku nzuri kuliko zote alizoishi Nchelenge. Alifagia chumba mpaka chini ya kitanda. Alinunua shuka, na kikombe kidogo chenye mshikio kwa ajili ya mtoto. Alimsalimia mwenye nyumba kwa mdomo wake, "Mwashibukeni, mama," ingawa ilikuwa karibu magharibi na salamu hiyo ni ya asubuhi, na yule mama alicheka akamrekebisha, naye akarudia kama alivyofundishwa. Gari siku nzima lilikuwa uani.

Waliondoka Jumanne alfajiri. Barabara ya Chienge ni mashimo matupu, na jua lilikuwa limepanda walipoingia Puta. Mulumba aliruka kabla gari halijasimama, akaenda ufukweni, akakaza macho kwenye maji. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwepo. Wa wakimbizi hakuuona. Akarudi kibandani, ambako Zacharia, mzee mwembamba wa fulana ya mpira, alikuwa amelaza betri yake juani.

"Mutumbwi wa Pweto utafika saa ngapi, papa?"

Zacharia akamtazama sana. "Mutumbwi gani?"

"Ya bibi yangu. Clémentine. Ulisema mailo."

"Nilisema bafikile mailo," Zacharia alijibu polepole. "Balishafika. Jumapili. Jana wakati nilikuita, yeye alikuwa palepale kwenye mlango, amebeba mutoto. Alikusikia."

Kabaso, aliyekuwa nyuma ya Mulumba, akavua kofia.

"Ulipojibu ile bien reçu, alicheka," Zacharia akaendelea. "Akasema, njo yeye, njo sauti yake. Lori ya kambi ilipofika akakataa kupanda. Akasema bwana wangu amesikia, anakuja leo. Alikaa hapa juu ya furushi yake, kila motoka ikipita anasimama. Nikamuambia mama, njoo kula. Akasema nitakula naye. Jua likazama."

"Betri," Mulumba alisema. "Haungeita tena?"

"Ilikuwa imekufa. Uko unaiona."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Mulumba hakumtazama mtu usoni akiitafuta. Aliuliza yuko wapi. Alikuwa anajua tayari, lakini aliuliza, kwa sababu mdomo una haki yake.

"Asubuhi hii, mbele ya jua kutoka, kulikuwa mutumbwi wa bachuuzi unarudia Pweto. Nilimukataza, kule kunapigwa bunduki. Akasema mama yake iko kule, na mama yake hawezi kusema nimesikia halafu asikuye."

"Alikuwa na hasira?"

"Hapana. Ingekuwa hasira ningemushika." Zacharia akaigeuza betri upande wa pili, taratibu, kama mtu anayetafuta kazi ya mikono. "Aliacha neno. Alisema, huyu mutu akikuya kuuliza, umuambie mutoto anakuwa muzuri, anajua kuhesabu mpaka kumi. Na asipokuya kuuliza, unyamaze."

Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kutoka upande wa Pweto.

"Sasa weye umeuliza," alisema Zacharia. "Basi nimekuambia."