Mstari Nilioruka

Juzi kliniki nilimwona mzee akitunga uzi kwenye sindano bila miwani, kisha akashindwa kusoma jina lake mwenyewe aliloliandika punde tu; daktari akasema ni kiharusi. Nikamkumbuka baba, msomaji wa kanisa letu pale Mirongo.

Jumamosi moja alasiri, nikiwa bado msichana mdogo, uani kulinuka furu, samaki wadogo wa ziwa, walioanikwa juani. Baba, aliyekuwa ametoka tu kuugua kiharusi kilichomwangusha ghafla, alinipa kitabu.

"Nisomee somo la kesho."

Nikasoma.

"Rudia, mama."

Nikarudia mpaka koo likanikauka. Nilidhani ananiadhibu kwa kusoma vibaya, maana macho yake yalikuwa mazima. Tai furukombe akitokea mbali ziwani, baba ndiye aliyemwona kwanza. Kwa hasira nikaanza kuruka mstari mmoja, na kila nikirudia nikauruka. Naye kila mara akasema tu, "Rudia." Nikacheka moyoni.

Jumapili akasimama mbele, kitabu wazi mikononi, sauti yake nzito kama zamani. Hakukwama popote. Alipofika kwenye ule mstari, akauruka.

Watu waliitikia "Amina". Mimi sikuweza.

Jumamosi iliyofuata nilikifuata kitabu mwenyewe, nikamsomea polepole, kila mstari.