Stuli ya Stratford

Usinikunjie uso kabla hujasoma, nilikuwapo. Kwenye maonyesho pale Stratford wameweka stuli ya mkahawa wa Marekani, wa enzi zile mweusi alikatazwa kuikalia. Bibi mmoja, Mmarekani mweusi, akaishika.

"Polisi waliniburuta kutoka stuli kama hii. Naomba nikae."

Mlinzi, Mkenya mwenzangu, akamzuia kwa mkono. "Pole mama, hairuhusiwi."

Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Umejisikia unachosema?"

"Shosho," akaniita kama nyanya yake, "nitafutwa kazi."

Kazi gani hiyo, ya kumzuia yuleyule asikae palepale? Nikaifungua mwenyewe kamba iliyoizunguka stuli. Bibi akakaa, akapakata mkoba, akamwambia mlinzi, "Kahawa, tafadhali."

Mlinzi akaita wakubwa kwa redio. Nilingoja mpaka bibi aliposhuka kwa hiari yake, ndipo nikatoka na kuubamiza mlango.