Majina Kwenye Karatasi ya Kaboni

Nisijitie utakatifu: nilijiunga na chama kile kwa sababu ya chai yenye sukari. Sukari ilikuwa imeadimika Kampala nzima, na kwangu Kamwokya, mtaa nilikopanga mimi binti wa Kikenya, tulikuwa tumeshasahau ladha yake. Mwajiri wangu alikuwa daktari wa meno, mzee wa Kiganda mwenye adabu nyingi, naye ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama. Kila Jumanne mchana walikula pamoja kwenye hoteli moja mjini. Katibu wao alikuwa ameondoka nchini wakati Wahindi walipofukuzwa, wakabaki bila mtu wa kuwapigia taipu. Mzee akaniambia nije, chakula kipo. Mimi nani nikatae?

Kazi kubwa ya chama ilikuwa kujitolea damu. Hospitali ikiishiwa, daktari wa huko alituma mtu kwetu, nasi tukaangalia kwenye orodha: jina, kundi la damu, mahali pa kazi. Orodha hiyo niliipiga taipu mimi, nakala mbili. Jina langu halikuwemo. Naogopa sindano tangu utotoni, na isitoshe nilijihesabu mpiga taipu tu, si mwanachama.

Walikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Kabla ya chakula nilisimama na kuita majina, na mtu hakujibu "nipo". Alijibu "niko tayari". Wanaume wazima, wengine na vitambi vyao, wakiitikia mmoja mmoja kama watoto wa shule! Nilikuwa nacheka kimoyomoyo, nikitamani wamalize upesi chai isipoe.

Kisha Jumatatu moja mwalimu mmoja wa chama chetu alichukuliwa shuleni kwake na gari lisilo na namba. Alikuwa mtu mkimya, aliyekuwa akinisogezea bakuli la sukari kabla sijaomba. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu, na mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini kwamba karatasi yoyote yenye majina yetu sasa ni hatari. Alizichukua nakala zote mbili akazitia kwenye jiko la mkaa jikoni mwa hoteli, wapishi wakijifanya hawaoni. Siku hiyo niliita majina kwa kichwa. Niliambiwa nimruke mwalimu, nikamruka. Nilimruka upesi sana, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ila kuna jambo sikumwambia mzee. Karatasi ya kaboni, ile nyeusi inayowekwa katikati ya karatasi mbili ili kutoa nakala, ilikuwa haipatikani madukani, na mimi nilikuwa natumia kipande kimoja mpaka kinakuwa cheupe. Ile niliyopigia orodha ilikuwa mpya, imetumika mara moja tu. Ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha unasoma kila herufi. Kuichoma niliona ni dhambi. Nikaikunja, nikaitia mkobani. Msije mkadhani ni ushujaa, ulikuwa uchoyo.

Jumanne iliyofuata, supu ikiwa mezani, askari wa jeshi akaingia. Mrefu, mweusi wa kaskazini, bunduki begani. Vijiko vyote vilisimama. Mhudumu aliyekuwa na chupa ya chai aliganda palepale.

"Wapi kitabu ya majina?" akauliza.

Mwenyekiti akainuka, mikono ikiwa wazi mbele yake.

"Afande, tafadhali, hakuna kitabu. Tulichoma. Kweli, mbele ya Mungu."

"Mumechoma?" Yule askari alitutazama kama aliyepigwa kofi. "Nyinyi nachoma kwa nini? Bibi yangu iko hospitali. Amezaa, damu natoka tu, hapana simama. Daktari anasema nyinyi najua watu." Akatoa kikaratasi mfukoni. Kundi O hasi, mwandiko wa daktari, na chini yake neno "haraka" limepigiwa mistari miwili.

Mwenyekiti akakaa chini taratibu. Damu ile ni adimu, na katika sisi mezani hakuna aliyekuwa nayo. Wengi walikuwa kwenye orodha tu, hawaji kula. Nani alikuwa na kundi gani, tulikuwa tumeliachia jiko la mkaa.

Mkoba wangu ulikuwa mapajani. Nilifikiri kukaa kimya. Mwaka ule Wakenya hatukutazamwa kwa jicho zuri, na Mkenya mwenye orodha ya siri mkobani ni maiti. Lakini kulikuwa na mwanamke anatokwa na damu kilomita mbili kutoka pale, na mimi nimeukalia uhai wake.

Nikatoa kaboni, nikaenda nayo dirishani. Nilihisi macho ya mwenyekiti mgongoni. Wenye O hasi walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu.

"Iko?" askari akauliza.

"Huyu hayupo," nikasema, na sikumtazama. "Yuko mwingine. Port Bell, bandarini."

Akanyoosha mkono. "Leta karatasi."

Kwenye kaboni ile kulikuwa na watu zaidi ya thelathini, na ofisi zao.

"Haiwezekani, afande. Karatasi ni ya chama. Nitakupeleka mwenyewe."

Akashusha mkono. Kisha akageuka akatoka, nami nikamfuata.

Njia ya Port Bell ni ileile ya Luzira, na kila mtu Kampala alijua gereza liko wapi. Nilikaa mbele kwenye gari la jeshi nikihesabu kona. Tulipofika karibu na geti la gereza nilifumba macho, nikasali Baba Yetu mpaka katikati, maneno yakanipotea. Gari halikupunguza mwendo. Nilipofumbua macho niliona ziwa.

Tuliyemtaka alikuwa karani wa mizigo, Mkenya mwenzangu aliyekuja mezani mara mojamoja, kazi yake kuandika mabehewa yanayopakiwa melini. Ofisini kwake koti lilikuwa kwenye kiti na chai inatoa mvuke. Wenzake walisema hakuja kazini leo. Walikuwa wameliona gari letu, na yeye aliliona kabla yao.

"Amekimbia!" askari akafoka, akashika bunduki.

"Afande, ukienda na hiyo hatutampata. Kaa garini, niache mimi."

"Na wewe ukikimbia?"

"Nikimbilie wapi? Mbele ni maji."

Sijui niliutoa wapi ulimi ule. Akarudi garini, nikaingia peke yangu katikati ya mabehewa. Niliita jina lake polepole. Kimya. Nikasema ni mimi, wa ofisi ya meno. Kimya. Angeniaminije, nimeshuka kwenye gari lile? Muda ulikuwa unakwenda, na nilianza kulia kwa hasira.

Ndipo nikasimama wima, kama ninavyosimama mezani, nikaanza kuita majina tangu mwanzo. La mwenyekiti. La mwenye duka la baiskeli. Nilipofika kwa mwalimu sikumruka. Nilimwita, nikasubiri kidogo, nikaendelea. Kisha nikaliita la karani.

"Niko tayari," sauti ikasema chini ya behewa.

Baadaye aliniambia kwamba mdomo ulijibu kabla hajaupa ruhusa. Alitoka na suruali imejaa grisi. Nilimweleza. Aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akajifuta mikono. "Twende, dada, kabla sijabadilisha mawazo," akasema.

Hospitalini walimlaza na kumfunga mpira mkononi. Muuguzi aliniuliza mimi je. Langu lilikuwa kundi A, halikumfaa mgonjwa wetu, lakini friji ilikuwa tupu kwa kila mtu. Nikakunja mkono wa gauni, nikageuzia uso ukutani. Sindano inauma, asikudanganye mtu.

Yule mwanamke alipona. Mume wake alikaa kwenye benchi na kofia magotini, na nilipopita akasema, "Asante, dada." Sisemi alikuwa mtu mwema. Sijui mikono ile ilifanya nini siku nyingine, na sikumwona tena.

Mwenyekiti alinisubiri ofisini. "Nnyabo," akaniita kwa heshima ya Kiganda, "ungetuua sote."

"Ndiyo, mzee."

Aliichukua kaboni, akaiinua dirishani, akaisoma kimya. Nilijua jicho lake limefika kwa nani, kwa sababu lilikaa hapo. Akanirudishia.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga. Mwalimu nilimbakiza kwenye mstari wake. Chini kabisa nikaongeza jina moja, kundi A, ofisi ya daktari wa meno.

Jumanne iliyofuata mwenyekiti aliita majina yeye mwenyewe. Alipofika kwa mwalimu alinyamaza, akasubiri, kama mtu anayemsubiri mwenzake anawe mikono aje mezani. Akaendelea mpaka mwisho, akaniita mimi. Mlango wa hoteli ulikuwa wazi, na yeyote aliyepita barabarani angenisikia. Nikasimama nikajibu kwa sauti.