Mtaro wa Tata Chini ya Chai

Sisi tuliokulia kwenye majani chai tuna kiburi kimoja: tukiona chai imestawi, tunaapa kwamba hapo chini ni pakavu. Chai haipendi kulowa miguu. Nililijua hilo kabla ya kujua kusoma, maana Tata, baba yangu, alitoka Kisii akazeekea kwenye shamba la chai huko Boito akichimba mitaro. Nilipokuja kuwa injinia, elimu hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Tajiri mmoja alinipa kazi ya kujenga nyumba kadhaa kando ya mto, huko huko Boito, na mfereji mpana upite katikati yake ili kila mwenye nyumba aamke akitazama maji. Nilikubali kwa sharti kwamba kinamasi cha kando ya mto kisiguswe. Niliacha matete, nikaacha vyura na ndege wao, nikausogeza mfereji juu kwenye chai kuukuu, nikiamini hapo chini ni pakavu. Nilijiona mtunza mazingira kwelikweli!

Tata alinionya tukila ugali. "Hiyo chai imekaa juu ya mtaro wangu. Tulipanga mawe, tukafunika na mchanga. Maji inapita huko ikienda kwa kisima ya yule mama. Acha niende nikuonyeshe."

"Tata, tumepima na mashine," nilimjibu. Akanawa mikono.

Kisima chenyewe kilikuwa chemchemi, chini ya shamba, karibu na boma la bibi mmoja Mkipsigis tuliyemwita Gogo, yaani nyanya. Majirani wote walichota hapo. Wiki moja baada ya tingatinga kuchimba mfereji na kukata ule mtaro, chemchemi ilikauka. Gogo hakunipigia kelele. Alinionyesha jerikeni tupu, akasema, "Kijana yangu, hii maji imetulea kutoka zamani. Umeipeleka wapi?" Nilitamani ardhi inimeze.

Nilirudi kwa Tata. Kufikia hapo miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi kutembea. Tulimbeba kwa kiti cha plastiki tukampitisha kati ya mistari ya chai, naye akielekeza kwa bakora: hapa, pinda hapa, chimba. Hakukosea hata mara moja. Wala hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Nilimwambia tajiri tufukie kipande kile cha mfereji na nyumba za upande ule zisijengwe. Alifoka, akatishia kunifuta kazi, mwishowe akakubali. Mawe tuliyapanga upya kwa mikono, kama Tata alivyotaka.

Maji hayakurudi. Kila asubuhi nilipita kwa Gogo kabla ya kazi nikakuta tope limepasuka. Kila jioni Tata aliniuliza, "Imetoka?" Nikasema bado. Mvua ya masika ilianza, nikaendelea kusema bado. Katika wiki ya pili ya mvua hiyo, Tata akafariki.

Siku ya mazishi wanawake walikuwa wakihangaika kutafuta maji ya chai ya wageni. Gogo akaingia uani na jerikeni mgongoni, imejaa, akaitua mlangoni pa jikoni.

"Imetoka jana," aliniambia. "Hii ni ya mzee."

Nilipewa kikombe cha kwanza. Nilikishika hadi kikapoa, kwa sababu hatimaye nilikuwa na jibu, na aliyekuwa akiniuliza kila jioni tulikuwa tumetoka kumzika.