Kaka Yangu Alivyopokewa Mahango

Kaka yangu alirudi nyumbani Mahango miaka mingi baada ya waasi kumchukua, mapatano yalipokwisha kutiwa sahihi. Aliletwa na gari la serikali. Kwenye uwanja wa kanisa afande mmoja alitwambia vita vimekwisha, tuwapokee watoto wetu, na kila aliyerudi ataletewa mabati na jembe. Kisha akamwita jirani yetu mjane, ambaye mwanawe alichukuliwa na waasi siku ile ile waliyomchukua kaka, akamwamuru ampe mkono.

Alimpa. Hakuuachia mkono wa kaka.

"Mwanangu ulimwacha wapi?"

"Alijaribu kutoroka, mama," kaka akasema. "Wakatuamuru tumpige."

"Nawe ulimpiga?"

"Nilimpiga."

Afande akapiga makofi, nasi tukapiga.

Kesho yake mjane alikwenda kukaa karibu na bomba la maji. Kaka alipojaza jerikeni, mjane aliinuka akaimwaga, akarudi kukaa. Wanawake wengine wakaanza kufanya vivyo hivyo. Mama akawa anamchotea kaka. Wakamwaga na ya mama. Tulipolalamika kwa mwenyekiti wa kijiji, alisema, "Mapatano ni ya serikali na waasi. Habari za bomba hazimo."

Mama akawa anashuka kuchota mtoni na magoti yake mabovu. Alivumilia hadi mavuno ya kahawa. Jioni moja alimpakulia kaka bondo, ugali wa muhogo, na maharagwe, akangoja amalize.

"Mwanangu, nimechoka. Nenda."

Kaka aliosha sahani yake, akaenda kulala. Asubuhi alishuka kwangu Bwera, mpakani, ninakouza maharagwe. Alikaa kidogo, akibeba magunia ya wachuuzi kutoka Kongo, hadi siku moja hakurudi.

Mabati yalifika baadaye. Mama aliyapokea, akaezekea jiko. Mjane alimsaidia kuyabeba.

Mwaka jana mama mmoja mchuuzi wa Butembo, kule Kongo, ambaye kaka alizoea kumbebea mizigo, alinivuta pembeni sokoni.

"Ule ndugu yako iko mu pori," akanong'ona. "Alishika tena bunduki. Nilimuona mu njia, akatuacha tupite."

Nilipanda Mahango kumwambia mama. Alikuwa jikoni akichambua mchele.

"Ni mzima?"

"Ni mzima."

Akatupa kijiwe nje ya mlango.

"Basi jirani asijue," akasema. "Tunaelewana naye sasa."