Juni Tulipoapa Hatuna Kitu

Kwenye boma la mama mkwe wangu kule Uthiru, mwezi wa sita ulikuwa na kazi mbili: kuwapa watoto dawa ya minyoo na kufaili kodi. Zote zilifanywa kwa mtindo mmoja. Mama mkwe anatupanga kwenye daftari, anatupitisha mmoja mmoja, na hakuna anayeulizwa kama anataka.

Niliolewa nikalikuta hilo daftari limeshapata heshima karibu na Biblia. Ndani mlikuwa na PIN ya kodi ya kila mtu wa familia, na nenosiri moja la sisi sote: jina la ng'ombe wake wa kwanza na mwaka aliokufa. Juni ikifika analibeba mpaka saiba moja, duka la intaneti, pale Dagoretti Corner, kwa mwanamke wanayeimba naye kwaya, na huko anatufailia wote nil. Nil ni kuiambia serikali kwamba mwaka mzima hukupata hata shilingi. Shemeji mwenye pikipiki mbili, hana kitu. Wifi wa mitumba, hana kitu. Baba mkwe alifariki kabla sijaolewa lakini kila Juni naye alikuwa anafaili, na kwa kweli ni yeye peke yake aliyekuwa anasema ukweli. Bei ya saiba ilikuwa ya jumla: watu wanane mnalipia saba. Akirudi ananunua nyama, tunakaa tunakula tukisherehekea umaskini wetu.

Mimi sikujali. Nimefika Form Four, hesabu nilipata D, na mshahara wangu wa mapokezi pale Westlands hukatwa kodi kabla sijauona. Niliona hayo mengine ni makaratasi tu.

Aliyenifungua macho ni mhasibu wa ofisini kwetu, mwanaume wa makamo anayekula githeri kwenye mkebe ule ule kila siku ya Mungu. Siku moja alinikuta nalalamikia presha ya maisha, akaniambia nifungue akaunti ya pensheni yangu mwenyewe, niweke kidogo kila mwezi. Pesa ukiweka pale, alisema, haipaswi kukatwa kodi. Mwajiri akikukata kama vile hukuweka, mwaka ukiisha unafaili ritani kamili, yaani taarifa ya mapato yako yote, na kudai ile ya ziada irudi.

"Lakini mdogo wangu," akasema, "serikali haitakufuata Uthiru kukupa. Utaidai mwenyewe."

Nikaanza Januari. Binti yangu alikuwa bado ananyonya. Pesa ya kusuka nywele niliihamishia kwenye pensheni, nikanyoa kipara, na watu kanisani wakaanza kuniombea wakidhani naumwa. Nilikuwa na mpango. Pesa ya kodi ikirudi, niiongeze kwenye akiba yangu nyingine nifikie kima cha chini cha hati fungani ya serikali, ile ambayo riba yake haikatwi kodi, ikae miaka na miaka mpaka mtoto aingie sekondari. Bila hiyo pesa ya kodi, akiba yangu haikufika. Nilihesabu mara tatu, na kwa D yangu hiyo ni kazi.

Juni ya mwaka uliofuata nikaketi saa ya chakula, P9 mkononi, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa. Nikafungua mtandao wa kodi. Ukaniambia nimeshafaili. Nil. Mimi niliyekaa mwaka mzima na kichwa kama yai nilikuwa nimeapa mbele ya serikali kwamba sina kitu.

Nikampigia mama mkwe. Hata sikumaliza salamu. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mwaka huu ametuwahisha kabla foleni haijajaa. Alisema kwa ile sauti ya mtu aliyekufunikia chakula mezani. Jioni nikamwambia mume wangu. Alitazama habari za michezo mpaka matangazo, halafu akasema mama alikuwa anasaidia tu. Usiku huo alijipikia.

Mhasibu alisema inarekebishika, tena nisikawie. Nikajaribu kubadilisha nenosiri, mtandao ukasema umetuma namba za siri kwenye simu yangu. Simu yangu kimya. Kumbe wakati tunasajiliwa, yule mwanamke wa saiba alituwekea familia nzima namba yake yeye. Mbele ya serikali, mimi na marehemu baba mkwe tunapatikana kwa simu moja.

Basi Jumamosi nikambeba mtoto mgongoni, mama mkwe akavaa koti lake la kanisani, tukaenda Dagoretti Corner.  Njiani yeye alikuwa amekasirika kwa sababu mimi nimekasirika.

Mwanamke wa saiba akatoa zile namba, nikaingia, nikajaza mshahara, kodi, pensheni, kila kitu. Mwishoni kukatokea kisanduku kinachotaka sababu ya kurekebisha ritani. Nikauliza kwa sauti niandike nini, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu foleni nzima ilikuwa na jibu.

Mama mkwe alisema niandike ni makosa ya saiba. Mwanamke wa saiba akasema saiba yake haijawahi kukosea, niandike ni netiweki. Mzee mmoja aliyekuja kupiga fotokopi akashauri niandike nilikuwa mgonjwa, na akatazama kipara changu kwa huruma. Mimi nikaandika ukweli: *Nilifailiwa nil na mtu mwingine bila kuniuliza.*

Mama mkwe akavaa miwani, akasoma polepole.

"Mtu mwingine," akasema. "Yaani mimi ni mtu mwingine?"

"Mama, kwa kodi wewe ni mtu mwingine."

"Nimekuoshea huyu mtoto tangu siku ya kwanza."

"Na nashukuru. Lakini hii pesa ni yake, na ulisema haipo."

 Mama mkwe hakuwa amejua kuna pesa. Alifikiri nil ni kama chanjo, ukishapata hakuna atakayekusumbua. Akanitazama, akamtazama mtoto, kisha akaniambia nibonyeze haraka kabla stima haijapotea. Nikabonyeza.

Watu wa kodi waliniomba barua ya pensheni, wakaniomba tena ile ile, wakanyamaza miezi. Pesa ikaingia asubuhi moja nikiwa mapokezi, na mteja aliyekuwa mbele yangu alipewa tabasamu ambalo hakulifanyia kazi. Wiki ile ile nikanunua hati fungani ya binti yangu.

Mama mkwe akatangaza kanisani kwamba serikali *imeturudishia*. Eti bila yeye kunisindikiza saiba, pesa ingepotea. Jumapili iliyofuata, nafua, nikaona wanawake watatu wa kwaya wanaingia getini na P9 zao. Akawawekea viti, akawaambia mkamwana atawaangalizia.

Nikafuta mikono, nikachukua karatasi ya wa kwanza. Mwalimu. Anaweka pensheni yake mwenyewe kama mimi, na amekatwa kodi ya ziada mwaka mzima. Nikaingia kwenye akaunti yake kwa simu. Ameshafaili. Nil.

Nikamuuliza ni nani aliyemfailia.

Akageuka, akamtazama mama mkwe wangu.